Si ya Kila Siku

Mtoto wa dada yangu alikufa kwa neno moja la Kiingereza, na aliyelisoma neno hilo ni mimi. Naanza hapo ili mtu asije akasema nimemzungusha. Watu wa kwetu Ukambani wakiwa na habari mbaya huanza na mvua, wakaja kwa ng'ombe, wakaulizana hali za wazee mmoja mmoja, na habari yenyewe inatoka chai ikiwa imeshapoa. Mimi subira hiyo sina.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Kayole. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa mwaka mzima bila kazi, nikilala kwa dada yangu katika chumba chake kimoja, kwenye ploti ya milango kumi na miwili na bomba moja. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa, akija nyumbani baada ya wiki mbili tatu, na akija ni kulala tu. Dada alikuwa anashona kola za mashati katika kiwanda kimoja cha nguo Industrial Area. Yeye aliacha shule darasa la sita. Aliyesomeshwa ni mimi, na aliyenisomesha ni yeye, kwa hiyo kila barua, kila karatasi yenye muhuri, kila pakiti ya dawa iliyoingia mle chumbani ilipitia mkononi mwangu kwanza. "Hebu soma," angesema huku akifuta mikono kwa leso. "Si wewe ndiye uliyekula Kiingereza chetu chote?" Nikisoma, yeye anaamini. Hakuwahi kuniuliza mara ya pili.

Kisha supamaketi ikafunguliwa si mbali na kwetu. Wee! Siku za kwanza watu walikuwa wanaingia wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Wanazunguka na vikapu vitupu, wanashika hiki, wanarudisha, wanatoka na kibiriti. Mimi nilipata kazi humo, si ya keshia, bali ya kusimama. Kampuni moja ya vyakula ilitaka wasichana wenye meno mazuri na Kiingereza cha kutosha, wavae aproni na kofia ya karatasi, wasimame kando ya rafu na kusifia bidhaa. Tuliitwa mapromota. Ukinikuta na ile kofia ungedhani nimechaguliwa kuwa waziri.

Na maneno yaliyokuwa kwenye zile rafu, jamani! Hakuna kitu kilichoitwa jina lake. Chumvi iliitwa "table salt", na siku moja mzee mmoja aliisoma kwa sauti, akaigeuza, akaniuliza, "Msichana, sasa sisi tusio na meza tutumie gani?" Nyama ya kondoo iliandikwa "spring lamb", na mama mmoja aliyezoea kununua mbuzi wake Kiamaiko, anayemwona akichinjwa kwa macho yake, alitaka kujua hiyo springi wameitoa au bado imo ndani. Lakini aliyetuvunja mbavu kabisa ni msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni aliyekuja na pakiti ya "baby corn", vile vihindi vidogo vya kidole, akauliza kama mtoto wa miezi sita anaweza kupewa. Tulicheka mpaka mwenzangu akajificha nyuma ya katoni. "Manze, ati ni ya mtoto!" Yule msichana alirudisha pakiti taratibu, akaenda zake bila kununua kitu. Nilimcheka kwa wiki nzima. Namkumbuka uso wake hadi leo kuliko wa mtu yeyote niliyesoma naye.

Bidhaa niliyopewa mimi ilikuwa ya unga mweupe ndani ya mkebe mzuri wenye picha ya kikombe cha chai kinachofuka moshi, na nyuma ya kikombe majani mabichi ya malisho. Ng'ombe hakuwepo kwenye picha, lakini malisho yakiwepo wewe mwenyewe utamweka ng'ombe. Mkufunzi wetu, kijana wa tai, alitukusanya asubuhi moja stoo kutufundisha maneno ya kusema. Alikuwa mtu wa kwetu, na Kikamba chetu hakina ile r inayotetemeka, tunaitoa kama l, kwa hiyo yeye na mimi Kiingereza chetu kilikuwa kimoja. Alisema "lich", tukaandika. Alisema "smooth and cleamy", tukaandika. Akasema "nondeli". Nikaandika kwenye daftari langu, nikasoma na mkebeni: "non-dairy creamer". Hakuna aliyeuliza, na yeye hakueleza. Nani angeuliza? Ukiuliza, kofia anapewa mwingine.

Sasa nisikilize vizuri, maana makosa yangu yote yako hapa. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kilimo na mwalimu wa kwetu vilevile. Alitufundisha ng'ombe wa nyama na ng'ombe wa "deli". Mimi kichwani mwangu nilielewa hivi: ng'ombe wa deli ni yule anayekamuliwa kila siku. Daily. Ilikuwa inaingia akilini kabisa! Wa nyama anakaa, wa deli anakamuliwa kila siku. Hata mtihani nilipita nikiwa na imani hiyo, maana hakuna swali lililonikamata. Tahajia niliiona ni tofauti, nikasema wazungu na herufi zao, wana mambo yao. Kwa hiyo niliposoma "non-dairy" sikupata shida hata kidogo. Si ya kila siku. Maziwa ambayo si yale ya kila siku, ni ya wageni, ni ya sikukuu. Na "creamer" ilikuwa wazi zaidi, kwa sababu mama yetu alipochemsha maziwa alikuwa akitoa ule utando mzito wa juu na kumpa mtoto aliye dhaifu. Hapa wameukusanya ule utando, wakaukausha, wakaujaza mkebeni.

Nikasimama kwenye rafu yangu, nikatangaza. "Karibu mama, karibu baba! Maziwa tajiri! Laini, krimu tupu! Haya si ya kila siku!" Neno "tajiri" lilikuwa tafsiri yangu mwenyewe ya ile "lich", na lilipendwa mno. Mtaani wakaanza kuyaita maziwa ya matajiri.

Wakati huohuo nyumbani kulikuwa na shida. Dada alikuwa na binti wa miaka minne, na sasa mtoto wa kiume wa miezi mitano. Likizo yake ya uzazi ilikwisha, akarudi kwenye cherehani kutoka asubuhi hadi jioni, na maziwa ya kifuani yakaanza kupungua. Mtoto alishinda kwa jirani wa mlango wa pili, mama mmoja kutoka Busia aliyekuwa anauza mboga za sukuma mbele ya ploti. Mchana alinyweshwa maziwa ya ng'ombe yaliyoletwa na mwanamume mmoja wa Njiru kwa baiskeli, kila asubuhi, kengele ikilia langoni. Dada hakuwa na raha. Kiwandani waliambiana kwamba wauza maziwa wanatia maji ya mtoni. Alikuwa anamtazama mtoto akinyonya chupa na kusema, "Huyu akipatwa na kuhara nikiwa kazini, nitajua saa ngapi?" Alikuwa amewahi kupoteza mimba mbili kabla ya huyu. Hakutaka kitu kingine duniani ila mtoto yule asimame, atembee.

Mimi nilikuwa napewa mikebe iliyobonyea kila Jumamosi, ile isiyoweza kuuzwa. Nikaileta nyumbani, nikaipanga juu ya kabati.

"Hii ni ya mtoto?" dada aliuliza.

Angeweza kuuliza mtu mwingine. Aliniuliza mimi.

"Soma hapa," nikamwambia, nikamshika kidole nikakipitisha chini ya herufi, kwa sababu nilipenda kumfundisha. "Non-deli. Maana yake si ya kila siku. Yale ya baiskeli ndiyo ya kila siku, si ndiyo? Yanakuja kila siku. Haya yako juu ya hayo. Na hii ni krimu, ule utando mama alikuwa anatupa tukiugua."

"Na maziwa yale ya watoto yanayofungiwa kabati la kioo pale kwa keshia?"

"Hayo ni ya watoto wa watu wasiojua kusoma," nikasema, tukacheka wote wawili. Haki ya Mungu, nilisema hivyo.

Kesho yake mwenye baiskeli alipopiga kengele, nilitoka mwenyewe kumwambia asije tena kwetu. Akasema, "Sawa, madam," akaondoka. Aliniita madam, na mimi nikaringa hadi kazini.

Mama wa Busia hakupenda. Alichovya kidole kwenye chupa, akaonja, akakunja uso. "Hii ni tamu tu. Haina maziwa." Nikamwambia ni krimu, mama, krimu huwa tamu. Akasema, "Mimi nina wimbi langu na omena za kusaga. Nimpikie uji mwepesi, kijiko kimoja kimoja, mtoto ameshafika umri." Hapo ndipo nilipoonyesha mdomo wangu wote. Nilimwambia mtoto wa ndugu yangu hatalishwa samaki wa kunuka wakati maziwa ya matajiri yako kabatini. Dada alinikemea kwa macho, kwa sababu yule ni mtu mzima na ndiye anayemlea mtoto, lakini hakunipinga. Mama wa Busia akasema, "Haya, msichana wangu, wewe ndiye umesoma." Akaendelea kukata sukuma.

Na mtoto akanona! Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mwezi wa kwanza hakuonyesha kitu. Mwezi wa pili mashavu yakajaa, mikono ikajaa, miguu ikawa minene ya kupendeza. Wanawake wa ploti walikuwa wakimbeba kwa zamu. Nilimpeleka mimi kliniki, kwa sababu dada hakupewa ruhusa kazini. Akawekwa kwenye ile suruali ya kitambaa inayoning'inia kwenye mizani, na uzito ukawa umepanda. Foleni ilikuwa imetoka hadi nje, sista akatia nukta kwenye kadi, akaiunganisha na ile ya mwezi uliopita, akanirudishia. Nilimpelekea dada ile kadi jioni, nikamwonyesha mstari ukipanda. Aliitazama kwa muda mrefu. Akaitia ndani ya Biblia.

Nywele zake zikaanza kulainika, zikageuka rangi ya kutu. Mimi nikasema ana nywele za kizungu. Akaacha kucheka. Akaacha kulia pia, anakaa tu pale unapomweka, na sisi tukasema ni mpole, amefuata babu yake. Ngozi ya mapaja ikaanza kubanduka vipande vyeusi, nikanunua mafuta ya mgando nikampaka. Kila kitu nilikuwa na jina lake. Hakuna dalili iliyokuja ambayo sikuipa jina zuri, kama nilivyofundishwa kazini.

Aliyekataa majina yangu ni mama wa Busia. Jumamosi moja mchana alikuja kusimama mlangoni akiwa amembeba mtoto, dada akiwa nyumbani. Hakunitazama mimi. Aliukunjua mguu wa mtoto, akabonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, akakiondoa. Pakabaki shimo. Tulingoja. Shimo halikurudi.

"Huyu hajanona," akasema. "Huyu amevimba. Mayi, mama yangu, mpelekeni hospitali, na mwende sasa hivi."

Dada alimfunga mtoto mgongoni bila hata kubadilisha nguo. Lakini kabla ya kutoka alichukua mkebe mmoja akautia kikapuni, ili akilazwa asikose maziwa yake.

Kwenye wodi ya watoto ya hospitali kubwa kila kitanda kilikuwa na watoto wawili, kichwa huku na kichwa kule. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimpima, akabonyeza mguu kama alivyobonyeza mama wa Busia, akauliza mtoto anakula nini. Dada akatoa mkebe kikapuni akampa kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyotoa kitu cha kujivunia. Daktari akasoma. Akasoma tena. Kisha akaniangalia mimi, kwa sababu nilikuwa nimetoka na aproni yangu ya kazi, na picha iliyokuwa kifuani pangu ni ileile iliyokuwa kwenye mkebe. Akazungumza nami kwa Kiingereza.

Alisema hapa ndani hakuna maziwa. Alisema ni mafuta na sukari, ya kutilia chai rangi. Akaweka kidole chini ya lile neno, akalitamka polepole, na r yake ilikuwa r. Dairy ni maziwa, akasema. Non-dairy ni kusema si maziwa. Imeandikwa hapa mbele, kwa herufi kubwa. Nani aliwaambia mmpe mtoto?

Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, nakumbuka ilikuwa na ufa uliopita chini ya kitanda hadi ukutani.

"Anasema nini?" dada akauliza.

Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu, na maneno nilikuwa nayo yote. Nikasema, "Anasema ni kwashiakoo."

"Kwashiakoo!" Alipandisha sauti hadi wanawake wa vitanda vingine wakageuka. Kwashiakoo ilikuwa aibu. Ilikuwa ni ya mtoto aliyetupwa, aliyenyimwa chakula. "Mtoto anayekunywa maziwa kila siku? Atapataje kwashiakoo?"

"Anasema huwapata hata hao. Anasema... maziwa yako ya kifua ndiyo yaliisha mapema. Uliporudi kazini."

Sijui lilitoka wapi. Daktari alikuwa ameshaitwa kitanda kingine, na hakukijua Kikamba. Dada akajishika kifua kwa mkono mmoja juu ya blauzi, akaangalia pembeni. Nilimwona akiliingiza lile neno ndani yake, na sikulirudisha.

Walimwekea mpira puani wampe maziwa ya kweli kidogo kidogo. Siku ya nne, mchana, saa ya kutembelea wagonjwa, watu wakiingia na vikapu vya chakula, akafa. Alikuwa na miezi minane.

Tulimzika kwao mume, upande wa Mwala. Baada ya maombi watu walikaa kwenye mabenchi wakipewa chai, na mama mkwe wa dada akasimama. Hakupiga kelele. Alisema mbele ya watu wote kwamba yeye alilea watoto tisa wakati wa njaa, kwa mihogo na maji, na hakuna aliyevimba. Akasema mjukuu wake amekufa njaa ndani ya nyumba yenye mishahara miwili, kwa sababu mama yake alikwenda kushonea watu nguo na kifua chake akakiacha kikauke. Dada alisema, "Ndiyo, mwaitu," ndiyo, mama yetu. Hilo tu. Mumewe alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa benchi la pili na kikombe mkononi. Chai ilikuwa na maziwa mengi, maziwa ya ng'ombe wao wenyewe, na niliinywa yote.

Nilirudi kazini. Nilivaa kofia, nikasimama kwenye rafu ileile. Lakini kila nilipomwona mwanamke mwenye mtoto mgongoni akinyoosha mkono, nilikuwa naacha maneno ya mkufunzi na kumnong'oneza, "Ni ya chai tu, mama. Si maziwa. Usimpe mtoto." Wengine walishukuru, wengine walidhani namdharau mtu kwa sura yake. Wageni niliwaambia yale ambayo dada yangu sikumwambia, na jioni nikaenda kula kwake. Msimamizi alinisikia mara tatu, ya nne akanivua aproni palepale mbele ya wateja. Nyumbani nilisema mkataba umekwisha.

Miaka minne ikapita namna hiyo. Nilipata kazi nyingine ya duka na chumba changu, ploti ya tatu kutoka kwa dada. Mama wa Busia alihama. Siku anaondoka alimkumbatia dada kwa muda mrefu, mimi akanipa mkono. Dada hakuzaa tena. Mumewe akawa anakuja baada ya miezi, sio wiki. Mama mkwe alipougua, dada ndiye aliyeacha kazi wiki tatu akaenda kumuuguza, na mimi nilikwenda naye siku za mwisho. Mama yule alikula kwa mkono wa kila mtu isipokuwa wa dada. Dada akileta kikombe cha uji, anageuza uso ukutani. Akileta binamu kikombe kilekile, anakunywa. Alikufa hivyo. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona kwa macho yangu.

Mikebe yangu ilikuwa imebaki mle chumbani miaka yote hiyo. Mkebe mzuri mtu hautupi. Mmoja dada alitia chumvi, akauweka juu ya kabati la vyombo, na mimi kila Jumapili nikila pale niliukuta unanitazama.

Binti yake sasa alikuwa na miaka minane, darasa la tatu, mwenye akili za kutisha. Jumapili moja alikuja na daftari. Mwalimu alikuwa amewaambia waandike maneno matano ya Kiingereza waliyoyaona nyumbani na maana zake. Manne alikuwa ameshayamaliza. Akaushika mkebe wa chumvi. "Anti, non-dairy ni nini?"

Dada alikuwa jikoni palepale, hatua mbili, anageuza chapati. Sikufikiri hata kidogo. "Si ya kila siku," nikasema. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri, akaniambia asante.

Jumapili iliyofuata nilipoingia alikuwa ananingoja mlangoni, amekasirika. "Anti, umenikosesha! Nimepata nne juu ya tano." Alifungua daftari, akanionyesha mkwaju mwekundu wa kosa. "Mwalimu amesema dairy si kila siku. Kila siku ni daily, iko na l. Dairy ni mambo ya maziwa. Ati non-dairy ni kitu hakina maziwa ndani, hata kidogo."

Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo wa maharagwe mapajani, anachagua mawe. Mkono wake ukasimama. Hakunitazama. Aliutazama mkebe wa chumvi juu ya kabati, muda ambao mtoto aliweza kuuliza mara mbili, "Mum? Mum?"

"Nenda ucheze nje," akamwambia. Mtoto akatoka. Ndipo akaniuliza, "Ulijua lini?"

"Hospitalini. Daktari aliniambia."

"Sema alivyosema. Usinitafsirie. Sema vilevile."

Nikasema kwa Kiingereza, neno kwa neno, maana nilikuwa nayakumbuka yote. Alinisikiliza hadi mwisho, lugha asiyoijua, macho yake kwenye midomo yangu. Kisha akasema, "Sasa kwa Kikamba." Nikasema kwa Kikamba. Ilikuwa fupi sana kwa Kikamba.

"Na ile ya kifua changu?"

"Hakuisema. Niliisema mimi."

Alitikisa ungo kidogo, maharagwe yakasogea, akaacha. Nilitaka anipige. Nilipiga magoti pale kwenye simiti nikamshika miguu, nikalia, nikasema dada nisamehe, niliogopa, nilikuwa mjinga, sikujua. Alinitoa mikono miguuni mwake, mmoja mmoja, bila hasira yoyote.

"Mama mkwe alikataa uji wangu hadi akafa," akasema. "Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni."

Aliweka ungo chini, akainuka, akautoa ule mkebe juu ya kabati. Alimwaga chumvi yote kwenye bakuli, akaufuta mkebe kwa leso, akaenda mlangoni kumwita mtoto. Akarudi kuketi, akamweka binti yake katikati ya magoti, akampa mkebe.

"Nisomee," akasema. "Yote yaliyoandikwa. Anza juu."

Mtoto akasoma, kidole chini ya maneno, polepole, akisoma na kueleza. Akafika kwenye maandishi madogo ya nyuma, yale yanayosema kilichomo ndani. Akakwama kwenye neno moja refu. Akalijaribu mara mbili, likamshinda, akainua macho kunitazama mimi, kama alivyozoea.

"Usimuulize huyo," dada akasema. "Kama hulijui, sema hulijui."